Kidhibiti cha Pili Ni cha Kazi Gani?

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Tabora)



Katika makisio ya matumizi ambayo vyama vyenu vitaombwa kuyapitisha kwenye mikutano mikuu, limo fungu la kununua ghala la kumbukumbu la kompyuta, litakalotumiwa na vyama vyote kwa pamoja kupitia mtandao. Baadhi yenu mmelisoma fungu hilo kwa makini, mkaona kwamba mashine inayoombwa ina vidhibiti viwili, na kwamba iko nyingine ya bei nafuu yenye kidhibiti kimoja tu. Swali likaulizwa, nalo ni swali la haki: mkulima anayekatwa ushuru katika kila kilo ya tumbaku yake anunuliwe vidhibiti viwili kwa sababu gani, ilhali kimoja chatosha kufanya kazi? Pamoja na hilo limeulizwa swali jingine, kwa sauti ya chini kidogo: tukishanunua viwili, je, twaweza kuacha gharama ya kutunza nakala za akiba? Nimeombwa niyajibu yote mawili. La kwanza nalijibu kwamba kidhibiti cha pili kina kazi kubwa, ila kwa masharti. La pili nalijibu kwamba hapana.

Tuanze na ghala lenyewe. Kwa macho ni kabati la chuma lenye diski nyingi zilizopangwa kama mitoto ya meza. Ndani ya diski hizo ndimo ilimo rejista ya wanachama, uzito na daraja la kila robota, deni la pembejeo la kila mkulima, na malipo aliyokwisha kupokea. Lakini diski hazizungumzi na ofisi zenu moja kwa moja. Katikati yake na mtandao amekaa mtunza ghala, na huyo ndiye tunayemwita kidhibiti: kompyuta ndogo yenye programu yake na kumbukumbu yake ya haraka, inayopokea kila ombi, inayojua kitu gani kimewekwa katika diski gani, inayoandika na kusoma.

Hofu ya diski kufa ilikwisha kupatiwa dawa zamani. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani Patterson, Gibson na Katz, walichapisha maelezo ya jinsi diski nyingi za bei ndogo zinavyoweza kuunganishwa, zikahifadhi hesabu ya ziada kiasi kwamba moja ikifa, kilichokuwamo ndani yake chaweza kukokotolewa upya kutoka kwa zile zilizosalia. Basi diski zaweza kufa moja moja na mali ikabaki. Lakini kama mtunza ghala ni mmoja, siku akianguka yeye mali ipo salama na mlango umefungwa.

Nyinyi mnajua mlango kufungwa siku ya soko maana yake nini. Mteuzi wa tumbaku amefika, mnunuzi amefika, lori linasubiri, marobota yamepangwa kwa safu, na wakulima wengine wamelala hapo hapo tangu jana. Karani anafungua kompyuta, akaunti haifunguki. Hakuna kilo iliyopotea wala shilingi iliyoibwa, lakini soko limeahirishwa, lori litalipwa kwa kusimama, na mtu aliyekuwa akingoja fedha za ada ya shule anarudi kijijini mikono mitupu. Hasara inayozuiwa na kidhibiti cha pili ni hasara ya namna hiyo, hasara ya muda. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia nitakapofika kwenye nakala.

Sasa, wawili hawa wanaishije? Kila kimoja kimeunganishwa kwa nyaya zake na diski zote, si nusu yake. Kati yao upo waya maalumu ambao kwa huo kila kimoja humpelekea mwenzake ishara bila kukoma, mfano wa mapigo ya moyo, kusema nipo. Na katika mashine nyingi vyote viwili hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila kimoja kikihudumia sehemu yake. Si kwamba mmoja analima na mwingine amekaa kivulini.

Jambo lililo kiini cha mpango huu wote ni lile linalotokea wakati wa kuandika. Kuandika katika diski huchukua muda, kwa hiyo kidhibiti kwanza huliweka andiko katika kumbukumbu yake ya haraka, kisha hulihamishia kwenye diski baadaye kidogo. Hapo ipo hatari. Tuseme karani wa Sikonge ameingiza kilo za robota, kidhibiti kimejibu "nimepokea," kisha kikafa kabla hakijaandika katika diski. Jibu lile litakuwa limegeuka uongo, na mkulima atakuwa amepoteza robota lililokwisha kupokelewa. Kwa sababu hiyo kidhibiti hakijibu "nimepokea" mpaka kimpelekee mwenzake nakala ya andiko lile, na mwenzake akiri kuwa nalo. Ni kama stakabadhi ya karatasi ya kaboni: mkono unapoandika ukurasa wa juu, ule wa chini umekwisha kuandikika kwa mkandamizo huo huo. Haifanani kabisa na mazoea ya kuandika stakabadhi mchana na kunakili daftarini jioni. Mkaguzi yeyote aliyekaa kazini miaka kadhaa anajua ni mambo mangapi yanaweza kupita kati ya mchana na jioni.

Kidhibiti kimoja kinapokufa, mapigo hukatika. Mwenzake husubiri kidogo ili asihukumu kwa haraka, kisha huzichukua diski zilizokuwa chini ya marehemu, huyamalizia yale maandishi aliyokuwa na nakala zake, na hulichukua hata jina na anwani ya mwenzake katika mtandao, ili ofisi ziendelee kuuliza pale pale zilipozoea. Karani huona kioo kimesita kwa sekunde kadhaa, pengine zaidi, kisha kazi ikaendelea. Tafadhali waelezeni makarani jambo hili mapema. Karani asiyelijua ataanza kubonyeza mara kumi kumi, ataizima kompyuta, na mwisho atachomoa waya ambao haukuwa na kosa lolote.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1976 kampuni ya Tandem ya California ilianza kuuza kompyuta zilizoundwa tangu mwanzo kwa viungo viwili viwili ili zisisimame, na wateja wake wakubwa walikuwa mabenki. Wazee mliomo humu mnaukumbuka mwaka 1976 kwa jambo jingine: ndipo vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa nchini, kazi zao zikakabidhiwa mamlaka za mazao na vijiji, mpaka Sheria ya 1982 ilipovirudisha. Siufungui mjadala wa uamuzi ule. Nasema tu kwamba kupokea kazi ni jambo moja, na kuipokea ukiwa umekwisha kulisoma daftari mpaka mstari wa mwisho ni jambo jingine. Kidhibiti cha pili kinafaa kwa sababu hakijulishwi habari siku ya msiba; kilikuwa nazo tangu jana, tangu dakika iliyopita.

Nimesema kina kazi kwa masharti. Sharti ambalo watu hulivunja wakiwa na nia njema ni la mzigo.

Katika mji huu hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, njia ya kawaida ya kwenda Ujiji ilifungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa amefika mwezi Juni mwaka huo akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu vitani, wakashindwa, naye akakwama Kwihara. Mwezi Septemba aliamua kuzunguka kwa kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, kisha akapanda kuelekea Uvinza na Mto Malagarasi, na mwezi Novemba akaingia Ujiji. Njia ya pili ilikuwapo, lakini hakupita nayo akiwa na shehena yote aliyokuja nayo kutoka pwani. Aliacha sehemu kubwa ya mali Kwihara, akaondoka na msafara mwepesi. Njia ya akiba hupitisha kile inachoweza kukibeba, sio kila kitu ulichokuwa nacho.

Chukueni wapagazi wawili, kila mmoja na frasila mbili begani. Mmoja akiugua njiani, mwenzake hawezi kubeba frasila nne hata ukimwahidi mshahara mara mbili. Atatembea hatua chache, ataketi, na sasa msafara una wagonjwa wawili. Ndivyo ilivyo kwa vidhibiti. Kila kimoja kisitumike zaidi ya nusu ya nguvu zake, ili siku ya msiba kimoja kiweze kuibeba kazi yote. Na hata hiyo nusu ihesabiwe kwa siku ya soko, siyo kwa siku ya Jumapili. Tena kumbukeni kwamba kidhibiti kilichobaki peke yake hakina tena wa kumpa nakala, kwa hiyo katika mashine nyingi hubadili mwenendo, kikaandika moja kwa moja katika diski kabla ya kujibu "nimepokea." Huo ni uaminifu, lakini ni uaminifu wa polepole.

Ninajua litakalotokea baada ya mwaka mmoja wa kazi nzuri. Mjumbe mmoja wa bodi ataona katika taarifa kwamba kila kidhibiti kinatumia asilimia 40 tu, naye atasimama mkutanoni kusema kwamba tuna mali imelala, tuwakaribishe na wengine waitumie watulipe. Hoja yake itapigiwa makofi. Naomba katibu wa mkutano awe na nakala ya hotuba hii mfukoni. Ile iliyoonekana kuwa imelala ndiyo tuliyoinunua.

Liko jambo la pili ambalo nalitaja kwa sababu linafanana na migogoro inayoletwa mezani kwangu. Tuseme vidhibiti vyote viwili ni vizima, ila waya wa kati uliokuwa ukipeleka mapigo umekatika. Kila kimoja kitadhani mwenzake amekufa, na kila kimoja kitataka kuzitwaa diski zote. Mmoja akiandika hivi na mwingine akiandika vile juu ya diski ile ile, rejista itaharibika kiasi cha kutotengenezeka. Ni chama chenye wenyeviti wawili, kila mmoja ana muhuri, kila mmoja anatia sahihi hundi. Dawa yake ni ile ile inayotumiwa na benki: haimsikilizi yeyote mpaka mtu wa tatu aseme nani halali. Katika mashine, mtu huyo wa tatu huwa ni alama inayowekwa juu ya diski zenyewe, au kompyuta ndogo ya ushahidi iliyowekwa kando. Anayeipata kwanza ndiye mwenye haki, na mwenzake hulazimishwa kunyamaza kabisa kabla chochote hakijaandikwa. Muulizeni muuzaji swali hili kwa maneno haya haya. Akiwajibu kwamba jambo hilo haliwezi kutokea, tafuteni muuzaji mwingine.

Nimesikia pia kidhibiti cha pili kikilinganishwa na ufunguo wa pili wa kasha la fedha. Mlinganisho huo unapotosha. Kasha letu lina funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili ili kwamba mmoja peke yake asiweze kulifungua. Mmoja akisafiri, kasha halifunguki, na ndivyo tulivyotaka. Vidhibiti viwili vimewekwa ili mmoja peke yake aweze. Funguo mbili zinalinda uaminifu, vidhibiti viwili vinalinda uendelevu wa kazi, na chama kinahitaji vyote. Hakuna kidhibiti kitakachomzuia karani mdanganyifu. Kitauandika udanganyifu wake upesi na kwa ukamilifu, nakala mbili.

Sharti jingine ni kuangalia na kujaribu. Katika ofisi moja, ambayo siitaji, nilikuta mashine ya namna hii ikiwaka taa ya rangi ya chungwa mbele. Niliuliza taa ile yasema nini. Nikajibiwa kwamba imekuwa hivyo siku nyingi na kazi inakwenda. Kidhibiti kimoja kilikuwa kimekufa, na kwa kuwa mwenzake aliipokea kazi bila kelele, hakuna aliyeona sababu ya kuuliza. Hiyo ndiyo tabia mbaya ya mashine nzuri: hufichama ugonjwa wake. Ofisi ile ililipia viwili na kwa miezi kadhaa ilikuwa na kimoja, bila kujua. Kwa hiyo awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina katika kumbukumbu za bodi, ambaye kila asubuhi ataziangalia taa na kutia sahihi katika daftari. Betri zinazolinda kumbukumbu ya haraka umeme unapokatika ghafula nazo huzeeka. Tarehe ya kuzibadili iandikwe humo humo.

Nafika sasa kwenye mambo yanayoua vidhibiti vyote viwili kwa pigo moja. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yalisomba tuta kati ya Kilosa na Gulwe, na usafiri wa treni kati ya pwani na huku kwetu ukakatika kwa muda mrefu. Injini za ziada hazikuwa na msaada, maana injini zote zilipita juu ya tuta lile lile. Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 12 Mei 2024. Nchi yetu ilikuwa ikitegemea mikongo zaidi ya mmoja ya baharini kwa ajili ya intaneti, na watu waliona hilo latosha. Siku ile mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika yote miwili katika bahari ya karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mikongo ilikuwa miwili, mahali palikuwa pamoja.

Basi angalieni vyumba vyenu. Vidhibiti viwili vyenye vipoza umeme viwili, vyote vimechomekwa katika ekstensheni moja, ni kidhibiti kimoja. Viwili vilivyounganishwa na mtandao kupitia swichi moja ni kimoja. Viwili vilivyo chini ya bati moja linalovuja, hesabuni wenyewe. Na vyote viwili vinaendeshwa na programu moja. Programu ikiwa na kosa, vyaweza kuanguka kwa kufuatana. Faida iliyopo ni kwamba programu yaweza kubadilishwa kwenye kimoja kwanza, kikatazamwa, ndipo kikafuata cha pili, na ofisi zisifungwe hata saa moja. Kwangu faida hii ina thamani kuliko ile ya ajali, maana ajali huja mara chache lakini matengenezo huja kila mwaka.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la pili. Karani akifuta kwa bahati mbaya orodha nzima ya madeni ya pembejeo, vidhibiti vyote viwili vitatii amri hiyo kwa sekunde ile ile, na diski zote zitakubaliana kwamba orodha haipo. Kirusi cha kompyuta kikiingia, kitaandikwa kwa uangalifu ule ule. Moto ukishika jengo, hauchagui. Kidhibiti cha pili hulinda muda; mali hulindwa na nakala ya akiba, iliyotolewa katika mashine, ikachomolewa, ikawekwa katika mji mwingine. Nasikia wengine wakisema kwamba taarifa zetu zimo tayari katika MUVU. Mfumo ule ni wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa ajili ya usimamizi wa vyama; haukiondolei chama wajibu wa kutunza vitabu vyake.

Kwa hiyo katika fungu lile la makisio naomba mwongeze mistari miwili, na si mikubwa. Mmoja ni wa diski tatu za nakala zitakazozungushwa, moja ikiwa kazini, moja Nzega, na moja njiani, pamoja na kitabu cha makabidhiano chenye sahihi ya mpelekaji na mpokeaji. Kila robo mwaka katibu achague mwanachama mmoja bila kumpa taarifa, akaunti yake isomwe kutoka katika nakala ya akiba, na ilinganishwe na stakabadhi alizonazo nyumbani kwake.

Mstari wa pili ni sharti la mkataba: malipo ya mwisho yasitolewe mpaka mashine ijaribiwe mbele ya wajumbe wa vyama, kabla msimu wa masoko haujafunguliwa. Karani aketi aingize uzito wa marobota ya majaribio, mmoja baada ya mwingine, bila kusimama. Akiwa anaandika, fundi wa muuzaji achomoe kidhibiti cha kwanza. Wajumbe wahesabu sekunde kwa saa zao na kuziandika. Kisha kirudishwe, kiachwe kipone, na kichomolewe cha pili. Mwishoni orodha ichapishwe, ihesabiwe robota kwa robota, na kama limepungua moja, fundi aende nayo mashine yake.